Mgeni anayelala Iringa aonjeshwe ulanzi na mwenyeji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu niliporudi kutoka Japani mwaka 2019, jambo ambalo kwa muda mrefu nililinyamazia nikidhani kwamba wenye dhamana ya utalii katika mkoa wetu wangelisema kabla yangu. Mimi ni mwalimu wa useremala hapa Iringa, na mwezi Februari mwaka ule nilikuwa Nagoya kwa mafunzo mafupi ya ufundi wa mbao. Mwisho wa juma moja wenyeji wetu walitupandisha treni hadi Takayama, mji wa kale ulioko milimani katika mkoa wa Gifu, safari ya kama saa 2 na nusu, wakatuandikisha katika matembezi ya jioni ambayo mwenyeji wa mji huwaongoza wageni kwa miguu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, wakila kidogo hapa na kunywa kidogo pale. Naandika kuhusu jioni ile kwa sababu naamini kwa dhati kwamba Iringa inaweza kufanya vivyo hivyo kwa ulanzi, yaani pombe inayogemwa kwenye mianzi, na vyakula vyake, na kwamba kila masika yanayopita bila kufanya hivyo tunawanyima riziki akina mama wanaouza ulanzi na wagema wanaoamka alfajiri kuugema.

Msomaji asije akadhani nailinganisha Iringa na jiji kubwa la maghorofa. Takayama ni mji wa baridi uliozungukwa na misitu. Ulipangwa na mtawala aliyeitwa Kanamori Nagachika mwishoni mwa karne ya 16, na mwaka 1692 serikali ya kijeshi ya Edo, yaani Tokyo ya leo, ikaliweka eneo lile, ambalo jina lake la zamani ni Hida, chini ya mamlaka yake moja kwa moja kwa kutamani mbao na madini yake. Watu wa Hida walisifika kwa useremala tangu karne ya 8, kwani badala ya kutoa kodi ambazo wengine walitoa, walitakiwa kupeleka mafundi wao mji mkuu wakajenge mahekalu na majumba ya kifalme. Niliposikia habari hiyo, mimi ninayetoka katika mkoa wenye msitu wa Sao Hill, nilijiona nimefika kwa ndugu. Mtaa wa Sanmachi, ambako matembezi yetu yalifanyika, una nyumba za mbao zilizokomaa kwa umri hadi zikawa nyeusi, madirisha ya fito nyembamba zilizobanana, na mifereji midogo ya maji inayopita mbele ya milango. Taifa lao liliuingiza mtaa huo katika hifadhi ya majengo ya jadi mwaka 1979, na hadi leo watu wanaishi na kufanya biashara ndani yake.

Tulikuwa watu 8, na aliyetuongoza alikuwa mama wa makamo aliyezaliwa palepale. Tulimwita kwa jina la ukoo wake likifuatiwa na neno “san”, ambalo ni heshima ya mtu mzima kama sisi tunavyotanguliza “mama” au “mzee”. Tulianza saa 10 jioni, theluji ikianguka polepole, na kabla hatujapiga hatua aliuliza mambo mawili: nani kati yetu amekuja na gari, na nani ana chakula au kinywaji ambacho hatumii. La kwanza nilidhani ni maneno ya kukaribisha tu, kumbe sheria ya Japani haimhukumu dereva aliyelewa peke yake. Hata aliyemnywesha, na abiria aliyepanda huku akijua hali ya dereva, wanaweza kushtakiwa. La pili lilimhusu mwenzangu kutoka Tanga, ambaye ni Mwislamu, na nitalirudia.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa kiwanda cha sake, pombe yao ya mchele. Juu ya mlango, chini ya paa, palikuwa na kitu cha duara kikubwa kuliko kichwa cha ng'ombe, kilichoshonwa kwa matawi mabichi ya mti wa sugi na kupunguzwa kwa mkasi hadi kikawa kama mpira. Huitwa “sugidama”. Mama yule alisimama chini yake akatuacha tukitazame kwanza, kisha akatueleza kwamba mpira huo hutundikwa sake mpya inapopatikana, ukiwa wa kijani kibichi, na kadiri miezi inavyopita majani yake hukauka na kugeuka rangi ya kahawia, hivyo mtu apitaye njiani, hata asiyejua kusoma, hutazama juu tu akajua sake ya nyumba ile imefikia umri gani. Ule tuliouona ulikuwa wa kijani. Nyuma ya ukuta palikuwa na harufu ya mchele uliotoka kwenye mvuke, kwa maana kule hupikwa majira ya baridi, wakati ambapo vijidudu viharibifu vinashindwa kustawi na pombe inachachuka taratibu.

Ndani tulipewa vikombe vidogo vya udongo, kila kimoja si zaidi ya mafunda mawili au matatu, na kabla ya kila kikombe tulipewa maelezo. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho mama yangu mzazi angekielewa upesi kuliko mimi. Mchele wenyewe hauna sukari ya kuchachuka. Lazima kwanza wanga wake ugeuzwe kuwa sukari. Sisi kazi hiyo tunaifanyisha kimea, yaani ulezi au mahindi tuliyoyalowesha yakaota, tukayaanika na kuyasaga, tukayatia katika uji ili upate utamu wa togwa. Wajapani hawaoteshi mchele. Wao huupandia ukungu wa aina maalumu uitwao “koji” juu ya mchele uliopikwa kwa mvuke, na ukungu huo ndio kimea chao. Hamira ikiingia, ukungu unatengeneza sukari huku hamira inaigeuza kuwa kilevi, kazi zote mbili zikiendelea katika pipa moja kwa wakati mmoja. Sake hufikia kilevi cha kama asilimia 15, na ndiyo sababu hunywewa kwa vikombe vidogo. Nilimwambia mama yule, kwa msaada wa mkalimani, kwamba kwetu hata bibi aliyezeeka anajua kutengeneza kimea, naye akaniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi. Desemba 2024, UNESCO iliuingiza ujuzi huo wa kutengeneza sake kwa koji katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na niliposikia nilikumbuka uji wa mama.

Mwenzangu wa Tanga hakuachwa akitazama. Aliletewa “amazake”, kinywaji kizito na cheupe kinachotengenezwa kwa mchele na koji bila hamira, kitamu, cha moto, kisicho na kilevi. Alipoonja alinigeukia akasema: “Mwalimu, hii ni togwa!” Tukacheka wote. Naye alitembea nasi jioni nzima, akala, akauliza, akaelezwa, bila kujiona mgeni ndani ya ugeni. Kwa mji kama wetu, wenye Waislamu, Walokole na Wakatoliki katika mtaa mmoja, somo hilo peke yake lilitosha kulipia nauli yangu.

Naomba wasomaji wanivumilie nikieleza kifaa kimoja, kwa kuwa ni cha fani yangu. Katika nyumba ya pili sake ililetwa ndani ya glasi, na glasi imesimamishwa ndani ya kisanduku cha mraba cha mbao kiitwacho “masu”. Mwenye nyumba alimimina hadi glasi ikafurika na pombe ikamwagikia kisandukuni, na huko kufurika ndiko kukarimu kwenyewe. Unakunywa ya kwenye glasi, kisha unainua kisanduku na kunywea kwenye pembe yake. Zamani kilikuwa kipimo cha mchele, na cha kawaida hubeba mililita 180. Nilikigeuza juu chini mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu. Kimetengenezwa kwa hinoki, mti wa jamii ya saiprasi wenye harufu nzuri, mbao zake zimekatwa meno yanayopishana kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana, hakina msumari hata mmoja, na hakivuji. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hukata meno kama yale kwa droo za kabati, nasi huziba nyufa kwa gundi na unga wa msumeno. Vingi kati ya visanduku hivyo hutengenezwa Ogaki, mji mwingine wa mkoa uleule wa Gifu, kwa hiyo mgeni anapokunywa Takayama, fundi seremala wa Ogaki naye amekula.

Chakula kilikuwa cha kawaida, na nasema hivyo kwa kusifu. Kando ya njia tulinunua “dango”, madonge matano ya unga wa mchele kwenye kijiti kimoja, yaliyochomwa juu ya makaa na kupakwa mchuzi wa soya; mahali pengine Japani hupakwa mchuzi mtamu, lakini Takayama wanashikilia wa chumvi na wanajivunia tofauti hiyo. Baadaye tuliketi sakafuni tukaletewa kila mmoja jiko dogo la makaa, juu yake jani kubwa lililokauka la mti wa milimani uitwao “ho”, na juu ya jani rojo la maharage ya soya liitwalo “miso” likichanganywa na vitunguu vya majani na uyoga. Jani halikuungua, lilitoa harufu tu, na rojo likatokota taratibu tukilila na wali. Kuna nyama ya ng'ombe wa Hida ambayo ina sifa kubwa, nayo tuliionja vipande viwili. Ila nikiulizwa leo kilichonibaki ulimini, nitataja uyoga ule juu ya jani, kwa sababu mwezi uleule wa Februari akina mama wa kwetu wanakuwa barabarani na mabeseni ya uyoga wa masika.

Jambo moja nililihesabu kimya kimya. Tuliingia nyumba 5, na kila nyumba ilipata kitu: mwenye kiwanda, muuza dango, mama wa chakula, muuza vikombe, na mzee wa duka la viungo aliyetupa kijiko kimoja cha miso bure na akauza mifuko sita. Kiongozi wetu hakuwa na jengo wala gari wala mtaji wa kuonekana. Mtaji wake ulikuwa kwamba anafahamika katika kila mlango na anajua kueleza.

Sasa nirudi nyumbani, ambako ndiko barua hii inaelekea. Iringa haikosi historia ya kumtembeza mgeni. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihehe “lilinga”, yaani ngome. Kalenga, ambako Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijenga ngome yake iliyoangushwa na Wajerumani mwaka 1894, iko karibu tu na mji. Boma la Wajerumani sasa ni makumbusho ya mkoa. Sokoni kuna vikapu vya milulu vinavyosukwa na mama zetu na kujulikana mbali. Na jiwe la Gangilonga linautazama mji wote jua linapozama. Wageni wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hupita hapa, na wengi hulala usiku mmoja wakienda au wakirudi. Usiku huo mmoja tunaufanyia nini?

Nitasema niliyoyaona. Masika moja niliombwa na rafiki yangu niwasindikize wageni wanne waliokuwa wakielekea Ruaha, nao walikuwa wamesoma mahali fulani kwamba Iringa kuna pombe inayotoka kwenye mianzi. Tulipouliza katika hoteli waliyofikia, tulijibiwa kwamba kinywaji hicho si cha wageni, kwamba vilabuni kuna walevi na uchafu, na kwamba baa ya ndani ina bia za kila aina. Wageni wale walikunywa bia ambayo wangeinywa popote duniani, wakala chipsi na kuku, wakalala saa 3. Asubuhi wakaondoka. Mita 800 hivi kutoka pale, mama mmoja ninayemfahamu alikuwa amebaki na madumu mawili ya ulanzi ambayo kesho yake yangekuwa makali mno kwa wateja wake wa kila siku. Sikumkasirikia mfanyakazi yule wa hoteli, kwa kuwa kuhusu uchafu wa baadhi ya vilabu alisema kweli. Nilikasirika kwamba sikuwa na mahali pa kuwapeleka palipoandaliwa, wala mtu wa kuwaeleza.

Na ulanzi una maelezo! Mlanzi, yaani mwanzi wa ulanzi, unapochipua wakati wa mvua, mgema hukata ncha ya chipukizi, huifunga mbeta, yaani kipande cha mwanzi cha kukingia, kisha hurudi asubuhi na jioni kuparura jeraha jembamba ili maji yaendelee kudondoka. Hakuna kupika, hakuna kutia kimea wala hamira. Hewa na chombo vinatosha. Unaotolewa mapema ni mtamu, ndio tunaouita mtogwa. Ukikaa, utamu unapungua na ukali unapanda, hadi unakuwa mkangafu. Niliposimama chini ya ule mpira wa majani kule Takayama nilifikiria hilo: wao wanahesabu umri wa sake kwa miezi, sisi umri wa ulanzi tunauhesabu kwa saa. Sake inafungwa chupani na kupelekwa hadi Dar es Salaam. Ulanzi hauwezi, kwa sababu haunyamazi. Ukifungiwa unaendelea kuchachuka na kulipua kifuniko. Basi anayetaka kuuonja kama ulivyo hana budi kuja ulipo, wakati wa masika, na saa aliyopangiwa na mgema. Bidhaa inayomlazimisha mgeni aje kwako ni bahati ambayo miji mingi ya utalii inaitafuta bila kuipata.

Ninajua hoja ya wanaopinga, na wengine wao ni watu ninaosali nao. Wanasema pombe za kienyeji zimeharibu vijana wetu, na kuitangaza kwa wageni ni kumwagia moto mafuta ya taa. Siwapuuzi, kwani nimewazika wanafunzi wangu wawili walioangamia kwa ulevi. Lakini kilichowaangamiza hakikuwa kikombe kimoja chenye maelezo, kilichofuatwa na sahani ya chakula na mwendo wa miguu. Katika jioni yote ile ya Takayama, kwa muda wa saa tatu, kila mmoja wetu alikunywa kiasi kisichojaza kopo moja la plastiki la kilabuni kwetu, na hakuna aliyepepesuka. Kule hata hujimiminii mwenyewe. Jirani yako anakumiminia, nawe unammiminia, kwa hiyo kila mtu anamwona mwenzake. Mila yetu nayo ilikuwa na breki zake: mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, chombo kinazunguka kwa zamu, na wazee wapo. Tumeacha breki tukabaki na kopo.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni ile inayosemwa na wahenga, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fedha ya mgeni ikianza kuonekana, atatokea mtu wa kutia maji na sukari, na mwingine wa kuuza wa juzi kwa bei ya leo. Kwa hiyo matembezi yasianzishwe kwa mabango. Yaanze na vilabu viwili au vitatu vilivyokubali kukaguliwa na bwana afya, vyenye choo safi na maji ya kunawa, na kila kilabu kimjue mgema wake. Waongozaji wawe vijana wa hapahapa wanaojua Kihehe na historia ya mji, wafundishwe na watu wa makumbusho ya Boma pamoja na wagema wenyewe. Wageni wasizidi 8 kwa kundi. Watembee kuanzia saa 10 alasiri, wakati ulanzi wa siku ile haujakuwa mkali, wapite Boma na sokoni, waonje mtogwa kisha mkangafu ili waone tofauti, na asiyekunywa kilevi apewe togwa ya ulezi mezani palepale na kwa heshima ileile. Wale mahindi ya kuchoma, uyoga, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, perege wa Mtera na ugali. Anayetaka kupiga picha aombe ruhusa kwa mwenye sura. Malipo ya kila kituo yakabidhiwe kwa mama wa kituo kile jioni hiyohiyo, yasizungukie ofisini hata siku moja.

Naiomba halmashauri ya manispaa, chama cha wamiliki wa hoteli kama kipo, na wenye vilabu wakutane kabla ya mvua za Desemba, ili masika yanayokuja tujaribu japo Ijumaa na Jumamosi tu. Sisi wa karakana tumekwishaanza sehemu yetu. Nimewapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi ya kutengeneza vikombe vya mwanzi vya kuonjea, vyenye ujazo wa mafunda matatu, vilivyosuguliwa mdomo na kupakwa nta ya nyuki ndani. Vya kwanza 12 vilivuja kwenye kifundo na nikavirudisha. Vya pili 12 viko mezani kwangu, nimevijaza maji tangu jana asubuhi, na hadi ninapoandika barua hii meza bado ni kavu.

Wako,
Mwalimu wa useremala,
Iringa Mjini